Kabla Hujauza Ng'ombe Kulipa Ada ya Chuo

Wiki hii tuweke pembeni chanjo na malisho. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, swali ninaloulizwa zaidi huku kijijini si la kupe wala kideri. Ni hili: "Bwana mifugo, mtoto kapata chuo cha binafsi. Nimpeleke?"

Mimi mwenyewe nimetoka chuo kidogo cha binafsi. Tulianza darasa la watu 38. Wengi walitoka moja kwa moja kidato cha nne, wachache kidato cha sita. Walikuwepo pia watu wazima: dada mmoja mwenye duka la dawa za mifugo, mama wa watoto watatu, na kaka aliyekuwa akiogesha ng'ombe wa watu kwa malipo. Hao watu wazima ndio walionifundisha kumshika ndama bila kuumia. Mkufunzi alinijua kwa jina, na ukikosa kipindi anakuulizia. Huo ndio uzuri wa chuo kidogo, nami sitaukana.

Lakini tulimaliza 26. Waliopungua hawakufeli, waliishiwa ada. Ada yetu ilikuwa 850,000 kwa mwaka. Piga hesabu: watu 38 ni 32,300,000. Wakibaki 26 ni 22,100,000. Pengo la zaidi ya milioni kumi! Chuo cha namna ile hulipa wakufunzi, umeme na chakula cha mifugo kwa ada hiyohiyo. Mwaka wa tatu safari za mafunzo kwa vitendo zilipunguzwa, na mkufunzi mmoja akaondoka. Sisi tuliobaki tulilipia kuondoka kwa wenzetu.

Nilipaswa kulikumbuka hilo mwaka 2019, mzee mmoja wa kata yangu aliponijia kuhusu kijana wake. Nilimjibu haraka: "Mzee, vyuo vidogo vinafundisha vizuri, hata mimi nimepita huko." Sikuuliza chochote kuhusu chuo chenyewe. Mzee akauza mitamba miwili.

Darasa la kijana lilianza na watu 17. Mwaka wa pili wakabaki 9, na kozi ikasimamishwa. Wakaambiwa watafute chuo kingine. Kijana alihangaika kupata matokeo yake ili ahamie kwingine, akapoteza mwaka mzima, na mzee akauza dume la kulimia. Kijana alimaliza, namshukuru Mungu. Mzee tukikutana namwamkia, ananiitikia vizuri. Ila tangu siku hiyo ananiuliza habari za dawa tu. Ushauri wa mambo mengine anautafuta kwingine, na simlaumu.

Kwa hiyo sasa mtu akiniuliza, simjibu ndiyo wala hapana. Namwambia aende chuoni mwenyewe, kabla ya kulipa hata shilingi, aulize haya:

1. Kozi hii imeidhinishwa? Usiishie kuuliza usajili wa chuo. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa NACTVET, lakini kozi anayoitaka mwanao haimo. Kila mwaka Baraza hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo, kozi, sifa za kujiunga, nafasi na ada. Mwombe mwalimu wa sekondari au afisa wa kata akufungulie kwenye simu.

2. Mwaka wa kwanza wako wangapi, wa pili wangapi, wa tatu wangapi? Nafasi 100 kwenye mwongozo si wanafunzi 100 darasani. Ukiambiwa 40, 18 na 7, uliza wengine wamekwenda wapi. Kisha waulize wanafunzi wenyewe, bila mkuu wa chuo kusimama pembeni.

3. Gharama zote za miaka mitatu ni kiasi gani? Stashahada kwa aliyetoka kidato cha nne ni ngazi ya 4, 5 na 6, kila ngazi mwaka mmoja. Chukua fomu ya kujiunga, ujumlishe ada, bweni, chakula, mitihani, bima ya afya, ovaroli, buti, na nauli na matumizi ya mafunzo kwa vitendo. Zidisha kwa tatu. Hapo ndipo utajua ni ng'ombe wangapi.

4. Analipa kwa awamu ngapi, na akichelewa inakuwaje? Kwetu sisi aliyedaiwa hakuingia chumba cha mtihani. Panga awamu zifuate msimu wako wa mauzo, na waombe wakuandikie.

5. Mifugo iko wapi? Taka kuona banda, josho na maabara. Chuo cha mifugo kisicho na ng'ombe kikuonyeshe mkataba na shamba wanakojifunzia.

Jambo jingine: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na kilimo na mifugo ni kati ya fani zilizotajwa. Si kila mwombaji hupata, kwa hiyo omba mapema, lakini usipange bajeti kana kwamba umeshapata.

Kama fedha inatosha mwaka mmoja tu, usijifiche. Akifaulu ngazi ya 4 anapata cheti cha kuanzia, anaweza kufanya kazi na kurudi baadaye. Kinachoumiza ni kuacha katikati ya mwaka: ada imekwenda, mtamba umekwenda, na cheti hakuna.

Chuo kidogo si kibaya. Mimi nakula kwa sababu yake. Ila kihesabu kama unavyohesabu kundi unalotaka kununua: usiangalie ukubwa tu, uliza na wangapi wamekufa.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kideri. Andaeni kuku wenu.