Hela ya Panya

Nianze kwa kukiri: kwa karibu mwaka mzima, mimi na mume wangu tulizungumza habari za Mickey Mouse kuliko tulivyozungumza habari zetu wenyewe. Usicheke, msomaji. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

Sisi ni Watanzania tunaoishi Houston, Texas. Mimi ni nesi, naingia kazini usiku. Baba Junior ni mhasibu, anaingia asubuhi. Kama na nyinyi mna mtoto mdogo na kazi mbili zisizokutana, maisha yenyewe mnayajua. Mnakabidhiana mtoto mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. "Kala?" "Kala." "Pampasi?" "Zimebaki tatu." Mtu anachukua funguo anaondoka. Ndoa ya hivyo wala haina ugomvi, maana hata wa kugombana naye humpati.

Novemba 2023 Junior alitimiza miaka miwili. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia kwamba pale Disney World, Orlando, mtoto aliye chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi. Bure kabisa. Jamani, mimi nikisikia neno bure akili inahama. Nikarudi nyumbani nikamwambia Baba Junior tuna miezi kumi na miwili tu kabla mtoto hajaanza kulipiwa, tukachagua wiki ya tarehe 7 Oktoba 2024.

Mawazo yangu yalikuwa kwamba unafika, unakata tiketi getini, unaingia, kama unavyowapeleka watoto Coco Beach siku ya Idi. Thubutu! Ile siyo bustani moja. Ni viwanja vinne vinavyojitegemea, kuanzia Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971 hadi Animal Kingdom ya mwaka 1998, na eneo lote ni karibu kilomita za mraba 100. Bei ya tiketi haitulii, inapanda na kushuka kwa tarehe kama nyanya sokoni. Meza ya kula inabukiwa siku 60 kabla. Nafasi za kupita njia ya mkato, ili msisimame kwenye foleni na mtoto anayelia, nazo zina siku yake na saa yake. Hata urefu wa mtoto una masharti. Treni ya Seven Dwarfs, kwa mfano, inataka inchi 38, yaani kama sentimita 97. Junior tukampima kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa penseli. Sentimita 88. Baba Junior akasema tumlishe ugali wa dona.

Basi ikawa ndiyo starehe yetu. Kila Jumapili jioni, siku pekee tunayokutana wote tukiwa macho, mtoto akilala tunakaa mezani na chai ya tangawizi, kompyuta katikati. Mimi nilitengeneza jedwali la Excel lenye rangi sita. Kijani ni chakula, waridi ni picha na mabinti wa kifalme (hapo Junior hakuulizwa), nyekundu ni mahali ambapo mtoto anaweza kuogopa. Baba Junior, ambaye kazini anashinda kwenye majedwali, aliniangalia kwa macho ambayo sikuyaona tangu tukiwa wachumba.

Tulibishana sana kuhusu hoteli. Mimi nilikuwa nimeshaiona moja hapo hapo ndani, Animal Kingdom Lodge, ambayo unaamka asubuhi unafungua pazia unamkuta twiga anakula majani mbele ya kibaraza chako. Mume wangu akaniangalia. "Mama Junior, yaani tumetoka Tanzania, tuje Marekani, tulipe hela yote hiyo kumwangalia twiga? Kwa hela hiyo nitakupeleka Mikumi na ukoo wenu wote." Tukabuku hoteli ya bei nafuu, nayo ya hapo ndani, tukalipa amana ya dola 200. Salio ilikuwa tulimalize siku 30 kabla ya safari.

Pesa tukaifungulia akaunti yake. Kila Ijumaa, dola 50 zake na dola 50 zangu. Mume wangu akaipa jina: hela ya Panya. Gari likiharibika, tutabana matumizi, lakini hela ya Panya haiguswi. Tukiona viatu vizuri dukani tunaulizana kwa macho: Panya atasemaje? Nakumbuka Machi nilikataa kwenda kwenye harusi ya rafiki yangu Dallas kwa sababu ya Panya. Huyo shoga yangu hadi leo hajanisamehe vizuri, na simlaumu.

Siku ya kubuku meza za chakula ilikuwa tarehe 8 Agosti, saa kumi na moja alfajiri kwa saa za Houston. Nilikuwa kazini. Nikaomba mapumziko, nikajifungia kwenye chumba cha wauguzi na simu mkononi, Baba Junior naye nyumbani kwenye kompyuta, tunaongea kwa sikio. Tulikuwa tunataka Chef Mickey's, ule mgahawa ambao Mickey mwenyewe anapita mezani kusalimia watoto. Mtandao wa nyumbani ukakwama. Mume wangu anatukana kwa Kichaga, mimi napandisha ukurasa, nashusha. Ghafla, imo! Saa nne na dakika hamsini asubuhi, watu watatu. Nilipiga kelele hadi muuguzi mkuu akaja mbio akidhani mgonjwa ameanguka.

Kelele hiyo iliponza baadaye, nitakuambia.

Katikati ya Agosti mama mkwe wangu alianguka bafuni, kule Moshi. Baba Junior aliniambia pale mlangoni, ananikabidhi mtoto: "Mama kateleza, ila anaendelea vizuri." Nikampigia simu, sauti yake ilikuwa nzima, akaniulizia mtoto, akanibariki kama kawaida yake. Nikaendelea na jedwali langu.

Tarehe 2 Septemba ilikuwa Labor Day, wote tuko nyumbani. Nikafungua akaunti ili nilipe salio. Kwa hesabu zangu ilikuwa iwe na dola 4,200 na ushee. Nikakuta dola 1,240. Nikadhani tumeibiwa. Nikamwita, nimeshashika simu kupigia benki. Akasimama mlangoni, hakusogea.

"Usipige," akasema. "Panya nimemtuma Moshi."

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Alihitaji upasuaji, na kwenye grupu la ukoo michango ilikuwa inasuasua, maana unajua tena, mwenye mtoto Marekani ndiye benki. Wiki mbili mume wangu alikuwa analijua hilo, anakaa na mimi mezani Jumapili tunajadili tuanze na tembo anayeruka au na boti za maharamia, na hakusema neno.

Nililia, nitasema ukweli, na sikulilia nyonga. "Kwa nini hukuniambia?" Akajibu, "Ningekuambia saa ngapi? Ukiamka mimi nipo kazini." Baadaye kidogo akaongeza kwa sauti ya chini: "Halafu nilikusikia ulivyopiga kelele alfajiri ile. Miaka mitatu sijakusikia ukifurahi namna ile. Nikashindwa."

Sasa hapa nitasema jambo ambalo wake wengi hatulisemi. Angeniambia mapema, je, ningekubali papo hapo? Ningekubali, ndiyo. Lakini kwanza ningeuliza, "Na kaka yako mkubwa yeye ametoa ngapi?" Ningeuliza kwa sura ile. Yeye anaijua sura ile, na ndiyo aliyoikimbia. Kunificha alikosea, na nilimwambia hivyo kwa siku nne mfululizo. Ila sehemu yangu katika kosa lile naijua.

Tarehe 4 tulifuta safari. Kwa kuwa zilikuwa zimebaki zaidi ya siku 30, amana yote ilirudi. Chef Mickey's niliifuta mwenyewe, kwa kidole changu, nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili iliyofuata tulikaa mezani kwa mazoea, chai ipo, kompyuta haipo. Kimya. Hatukujua tuongee nini! Ndipo akaanza kunisimulia habari za mama yake, jinsi alivyouza ndizi kumsomesha, mambo ambayo katika miaka sita ya ndoa nilikuwa nimeyasikia nusu nusu. Tulilala saa nane usiku.

Halafu Oktoba ikafika. Tarehe 9 usiku, siku ambayo tungekuwa Orlando, kimbunga Milton kiliingia Florida. Disney World ilifunga mchana wa siku hiyo na ikafunga siku nzima ya tarehe 10. Mimi na Baba Junior tunaangalia taarifa ya habari, tunaangaliana. Asubuhi mama mkwe akapiga simu, tayari anatembea kwa kigongo. "Mnaona? Mguu wangu umewaokoa." Hilo analirudia mpaka leo, kwa kila mgeni.

Panya tukaanza kumnenepesha upya. Ijumaa kwa Ijumaa, ila safari hii nilisema jedwali tunajaza wote wawili, na akaunti ikiguswa anayegusa atume meseji hata kama mwenzake amelala. Tukachagua wiki ya kwanza ya Februari 2025, kabla ya msongamano wa sikukuu ya Presidents' Day. Siku mbili badala ya tano. Hoteli ya nje, kwa hiyo njia ya mkato tungeibuku siku tatu kabla, siyo saba kama wageni wanaolala ndani. Ndege tukaiacha, tukaendesha gari, saa kumi na nne na zaidi, Junior akiimba wimbo mmoja kutoka Louisiana hadi Florida. Na ile tiketi ya bure iliyoanzisha yote haya? Novemba Junior alitimiza mitatu. Tulimlipia.

Lakini alikuwa amerefuka. Sentimita 98! Tukafika kwenye treni ya Seven Dwarfs, akapimwa, akapita, wazazi tunapigana tano. Alipoliona behewa akagoma, akakumbatia mguu wa baba yake. Nikapanda mimi. Nilipiga kelele kuliko siku ya Chef Mickey's.

Siku ya pili tulikwenda Animal Kingdom. Kuna kijiji kinaitwa Harambe (e moja imepotea njiani), kuta zake na milango yake imeigizwa kutoka Lamu, na hapo unapanda gari la wazi la Kilimanjaro Safaris. Twiga alipotupita karibu kabisa, Baba Junior akasahau maneno yake yote ya Mikumi. Tuliposhuka akampigia mama yake kwa video. Moshi ilikuwa saa moja usiku, ametoka kula.

"Mama, tuko Kilimanjaro!"

Mama mkwe akaisogeza simu usoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, miwani imeshuka puani. "Mlima uko wapi?"

Ikabidi tutembee na simu hadi ng'ambo ya pili ya kiwanja, ulipo mlima wa pale. Nao wa kutengenezwa, na ni Everest. Mume wangu akauinulia simu.

"Huo siyo wetu," akasema. "Mvalisheni mtoto kofia."