Banda la Chatu



Anayejenga banda la kuku au zizi la ng'ombe hapa Ufipa hahitaji kuuliza vipimo. Alivirithi kwa wazazi wake. Kwa nyoka hatuna urithi wa namna hiyo. Ndiyo maana nililichukulia kwa uzito swali la kijana mmoja wa mjini Sumbawanga, aliyetaka kujua sanduku la kufugia chatu liwe na ukubwa gani. Alikuwa na chatu mdogo aliyeletwa kutoka Bonde la Ziwa Rukwa, mwenye urefu unaozidi kidogo nusu mita, akimtunza ndani ya ndoo ya plastiki katika chumba anachopanga pamoja na bibi yake.

Jambo la kwanza ni kwamba kipimo hakianzi na nyoka wa leo. Chatu akikomaa hufikia mita tatu hadi nne, wengine hata kuzidi, na akitunzwa vema aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani walizoea kudhani kwamba nyoka hupenda kujikunja tu, hivyo sanduku fupi kuliko mwili wake lamtosha. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha utafiti unaopinga mazoea hayo: miongoni mwa nyoka waliowatazama wakiwa kifungoni, zaidi ya theluthi moja walijinyoosha kabisa au karibu kabisa. Basi banda lisiwe fupi kuliko nyoka mwenyewe. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina takriban mita tatu kila upande. Chatu wa mita nne hawezi kujinyoosha kando ya ukuta wake.

Jambo la pili ni joto. Mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha. Huliazima kwa jua na ardhi. Kwa hiyo banda lahitaji upande wenye joto na upande wenye ubaridi, ili mnyama achague mwenyewe, pamoja na maficho na chombo cha maji kinachoweza kumwingiza mwili mzima. Katika ndoo pande hizo mbili haziwezekani. Na mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800. Usiku wa Juni na Julai sote twaujua. Aliyezaliwa bondeni kwenye joto atauvumiliaje?

Jambo la tatu haliandikwi katika vitabu vya ufugaji. Mji wetu umebebeshwa sifa ya uchawi, na uvumi hapa una miguu myepesi. Siku jirani atakapomwona nyoka uvunguni mwa kitanda, hatamnyooshea kidole kijana. Atamnyooshea bibi. Tunajua vikongwe wamepatwa na nini katika nchi yetu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Tena, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumiliki mnyamapori pasipo kibali. Nilimshauri tumwendee afisa wanyamapori, mnyama akabidhiwe salama, naye akakubali, ingawa kwa huzuni. Huzuni hiyo naiheshimu. Wengi wetu tungemuua nyoka yule kwa fimbo bila kuuliza lolote. Yeye aliuliza makao yanayomfaa.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1974, Man and Beast, jinsi Wafipa walivyomhusisha chatu na mizimu ya mahali, wakampa heshima. Hatulazimiki kuishika imani hiyo ili tuipokee hekima iliyomo: kiumbe huheshimiwa pamoja na mahali pake. Mwenye kumpenda kiumbe asiyeweza kumpatia nafasi ya kujinyoosha, na ampende akiwa kule bondeni.