Enzi za Disketi Mpakani Tunduma

Kompyuta ilipowasili katika ofisi ya wakala wa forodha niliyokuwa karani wake hapo Tunduma, katika miaka ya tisini, ilikuwa imekwisha kuzeeka mikononi mwa wenzetu wa Dar es Salaam. Wala hilo halikutuajabisha, kwani Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu mwaka 1974, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa, mashine zilianzia mijini na kutufikia sisi wa mpakani baada ya wengine kuzikinai. Haikuwa na picha wala kipanya. Ukiiwasha ilikuonyesha herufi C na alama ya kungoja amri juu ya skrini nyeusi, nayo haikutenda jambo lolote mpaka uiandikie amri yake pasipo kukosea hata nukta moja.

Mkoa wa Songwe, ilimo Tunduma leo, haukuwapo bado. Tunduma ilihesabika katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, na riziki yetu ilikuwa malori yatokayo bandarini kwenda Zambia na Kongo, na yale yarudiyo yamebeba shaba. Kila lori lilikuwa na mafaili yake ndani ya kompyuta: orodha ya mizigo, hesabu ya ushuru, barua kwa afisa wa forodha. Mafaili hayo yalikuwa madogo lakini mengi mno, na kila mwisho wa juma yalipasa kunakiliwa katika disketi, nazo zikafungwa kwa gazeti na kukabidhiwa kondakta wa basi la Dar es Salaam, ambaye hakuwa na desturi ya kumngoja mtu.

Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Disketi ya inchi tatu na nusu, yenye nafasi ya megabaiti 1.44, huzunguka mara 300 kwa dakika, na kwa hesabu ya mizunguko hiyo ingeweza kujaa kwa muda usiofika dakika moja. Walakini kwa amri ya COPY, ambayo ndiyo pekee tuliyofundishwa, mtu aliweza kuianza kazi, akaenda kunywa chai kwa mama ntilie, akarudi na kuikuta ingali ikinguruma. Tulidhani mashine ni mbovu, na tajiri alikwisha kutamka kwamba atatafuta nyingine.

Aliyetambua sababu yake alikuwa karani mkuu wetu, mzee wa Kinyamwanga ambaye maisha yake yote aliyapitisha baina ya mihuri na stakabadhi, na ambaye hakuwahi kuigusa kibodi. Aliinama karibu na tundu la disketi, akasikiliza mlio ule wa kukwaruza uliokuja na kutoweka, kisha akaniuliza kila mlio una maana gani. Nikamweleza kama nilivyosoma kitabuni: kwamba kila faili linapokwisha kuandikwa, kichwa cha kuandikia hurudi ukingoni mwa disketi, iliko sajili inayoonyesha kila faili limelazwa wapi, kikaandika humo, ndipo kikaenda tena ndani kulianza faili jingine. “Basi, mwanangu,” akasema, “mashine haina uvivu. Inatembea sana. Ni kama madereva wetu: wanagongewa muhuri hapa, wanavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wanaanza upya.”

Tangu siku ile hatukutafuta tena mashine yenye nguvu, bali namna ya kuipunguzia safari. Tulianza na XCOPY, amri iliyokuja mwaka 1986 na toleo 3.2 la MS-DOS, mfumo uendeshao mashine, ambayo kwanza hukusanya mafaili mengi kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu, ndipo huyaandika kwa mfululizo. Tukaongeza idadi ya BUFFERS, yaani nafasi za kuhifadhia data kwa muda, katika faili la mipangilio liitwalo CONFIG.SYS. Dawa hasa, lakini, ilikuwa PKZIP, programu ya Phil Katz ya mwaka 1989: tuliyafunga mafaili yote ya juma kuwa faili moja lililobanwa, hata kichwa kile kikawa hakina haja ya kurejea sajilini kwa ajili ya kila lori. Basi la Dar es Salaam likawa linatukuta tumekwisha kufunga disketi.

Haraka nayo ina gharama yake. Fundi mmoja kutoka Mbeya alituwekea programu ya SMARTDRV, akaiandikia A, herufi ya tundu la disketi, na alama ya kujumlisha, yaani kuiamuru ihifadhi kwanza katika kumbukumbu hata yale yaliyokusudiwa kwenda kwenye disketi, na kuyaandika baadaye ipatapo nafasi. Skrini ilitangaza kwamba kazi imekwisha ilhali haijesha. Jioni moja umeme ukakatika katika kitambo hicho kifupi, na disketi ikafika Dar es Salaam haisomeki. Mzee akaagiza kibandikwe juu ya skrini kikaratasi kisemacho: SMARTDRV /C kwanza, ndipo disketi itoke, kwani amri hiyo huilazimisha mashine kuyaandika yote iliyoyaweka kando. Baadaye tulijua kwamba watengenezaji wenyewe waliliona jambo hilo, na katika MS-DOS 6.2 wakaifanya mashine, kwa desturi yake, isirudishe alama ya kungoja amri kabla ya kumaliza kuandika.

Mpaka wenyewe nao ulikuja kupunguziwa safari: mwezi Oktoba 2019 Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walizindua hapo Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, na kwa utaratibu wake lori liingialo Zambia hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde tu, na liingialo Tanzania upande wa Tunduma tu. Foleni hazikukoma, maana malori nayo yameongezeka, lakini ile safari ya kuanza upya imeondolewa. Kwa hiyo nikisikia leo ofisi inalalamika kwamba mashine zake ni nzito na inataka mpya, huuliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei: kazi moja inarejea mara ngapi kwenye sajili, na ni nani anayethibitisha kwamba iliyotangazwa kuwa imekwisha imekwisha kweli.