Betri Haina Likizo

Wengi wetu tunaoishi mjini tuna nyumba mbili: ile tunayoilipia kodi na ile tunayoiita nyumbani. Hii ya pili aghalabu hukaa na kufuli mlangoni miezi na miezi, ikisubiri Krismasi, harusi au matanga. Kitanda kitasubiri. Sufuria itasubiri. Hata jembe litasubiri, japo kwa kutu kidogo. Lakini mna kitu kimoja humo ndani kisichojua kusubiri, nacho ni betri ya sola.

Somo hili nililipata kwa mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi wa vigari vya gofu katika klabu moja viungani mwa Nairobi. Huenda msomaji umewahi kuviona: vigari vidogo visivyo na milango, vinavyokwenda kimya kama paka. Havinywi petroli. Chini ya kiti cha kila kimoja mlikuwa na betri 6 za volti 8, zilizounganishwa kwa mfululizo kupata volti 48, na kila betri ilikuwa na uzito wa kilo 28 hivi. Masika yaliposhika, kati ya Machi na Mei, uwanja ulilowa na magurudumu yakawa yanachubua nyasi. Basi vigari viliegeshwa bandani, wachezaji wakatembea kwa miguu, vijana wa kubeba mikoba wakapata riziki, na kila mtu akavisahau vigari.

Kila mtu isipokuwa Mjomba. "Gari limelala," alizoea kusema, "lakini betri haijalala."

Maana ya maneno hayo ni hii. Betri ya risasi na asidi hujila yenyewe polepole hata kama haijaunganishwa na chochote. Penye joto la nyuzi 25 hivi, hupoteza takriban asilimia 5 ya chaji kwa mwezi, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi hiyo karibu huongezeka maradufu. Lakini hiyo siyo hasara kubwa. Hasara hasa ni kwamba chaji inapopungua, salfeti ya risasi hujipaka juu ya mabamba yaliyo ndani. Ukiirudishia betri chaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka. Ukiiacha miezi, hugeuka fuwele ngumu zisizobanduka, na betri haiwezi tena kuhifadhi umeme kama awali. Mtu hulalamika kwamba ameuziwa betri mbovu, ilhali betri ilikufa njaa.

Dawa ya Mjomba ilikuwa jua. Juu ya paa la banda alifunga, kwa kila kigari, paneli ndogo 4 za wati 20, zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo, na umeme wake ukapitia kidhibiti chaji cha volti 48, kile ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi ya kontrola ni mbili: kuzuia betri isishibe kupita kiasi hadi maji yake yakachemka na kukauka, na kuzuia umeme usirudi kwenye paneli usiku. Hata siku za mawingu kulipatikana kidogo, na kidogo ndicho kilichotakiwa.

Sikujua kwamba siku moja elimu hiyo ingeingia katika mambo ya ukoo wetu. Mwezi Machi mwaka wa 2021 mama alianguka akavunjika nyonga, tukamleta kwangu Nairobi kwa matibabu. Nyumba yake, upande wa Wote katika Makueni, ikafungwa. Juu ya paa palikuwa na paneli ya wati 50, na stoo mlikuwa na betri 2 za volti 6, za aina ile ile ya vigari vya gofu, ambazo Mjomba alimnunulia dada yake ili awe na taa na redio.

Kaka yangu mkubwa alipendekeza tuuze vyote. Hoja yake ilikuwa na mashiko: hakuna anayekaa kule, wezi wapo, betri zitakufa, na pesa za hospitali zinatafutwa. Tukamgeukia mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi semeni tu wazi kwamba sirudi."

Hakuna aliyemjibu. Mjomba ndiye aliyeomba karatasi na kalamu. Hesabu yake hata mwanafunzi wa shule ya msingi angeiweza. Betri zile zilibeba amp-saa 225. Asilimia 5 ni kama 11 kwa mwezi. Kwa joto la Makueni, tuseme maradufu, yaani 22. Gawanya kwa siku 30, hupati hata amp-saa 1 kwa siku. Paneli ya wati 10 tu, jua likiwa kali, hutoa karibu nusu ampea. Kwa saa 5 za jua zuri hiyo ni zaidi ya amp-saa 2. Haba na haba hujaza kibaba. Paneli ya wati 50 ingezitunza betri hizo bila jasho wala senti, mradi awepo mtu wa kuzitazama.

Tulisafiri Jumamosi moja. Tulitoa redio na nyaya za taa, tukaacha paneli, kontrola na betri peke yake. Tulisugua vichwa vya betri kwa maji ya magadi, tukavikausha na kuvipaka grisi. Baada ya chaji kujaa, tuliongeza maji ya betri yale ya dukani, si ya bomba wala ya kisima, kwa kuwa yana chumvi. Ufunguo wa stoo tulimwachia kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili, pamoja na mita ya volti.

Kila mwisho wa mwezi, kabla ya jua kuchomoza, kijana alipima na kutupigia simu. Volti 12.7 ni shibe, 12.2 ni nusu, na chini ya hapo ni hatari. Mama, ambaye hakuwahi kujishughulisha na volti, akawa ndiye wa kwanza kuuliza, "Leo ngapi?" Akiambiwa 12.7, alishika fremu yake ya kutembelea akaenda hadi mlango wa nje na kurudi. Julai, mwezi wa baridi na mawingu, ilishuka hadi 12.6. Siku hiyo alikwenda mara mbili, kana kwamba anaisaidia.

Tulimrudisha Desemba. Aliyewasha taa si yeye. Ni kaka yangu. Mama alikuwa angali garini akitafuta mkongojo wake.

Kwa wenye nyumba za kufungwa, nina maneno machache. Betri zisiwekwe chumba cha kulala wala stoo isiyo na tundu la hewa, kwa sababu zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Zilizozibwa zisifunguliwe. Za lithiamu zina masharti mengine: hazipotezi chaji upesi, na hazipendi kukaa zimejaa pomoni, kwa hiyo kontrola irekebishwe. Na ile hofu ya betri kunyonywa na sakafu ya saruji ni ya zamani. Haizihusu betri za siku hizi zenye kasha la plastiki.

Januari, kabla hujafunga mlango na kukimbilia basi, panda ngazi upanguse vumbi kwenye paneli. Hiyo ni kazi ya dakika 5. Kisha muulize jirani kama ana mtoto anayependa hesabu.