Mama wa Mapacha juu ya Zahabu

Sisi tuliojifunza Kilatini twajua kwamba katika lugha ile majina mengi ya fazila ni ya kike: Concordia, yaani mapatano, Pudicitia, yaani usafi wa mwenendo, Fecunditas, yaani uzazi. Basi Waroma walipotaka kuichora fazila, walichora mwanamke. Tena walimwabudu kama mungu, kosa ambalo hatutalirefusha hapa.

Picha hizo ziligongwa juu ya feza za zahabu zilizoitwa aurei. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 na zaidi kidogo, na thamani ya dinari 25 za feza nyeupe. Upande mmoja palikuwa kichwa cha mke wa Kaisari, upande wa pili fazila yake.

Mke wa Marcus Aurelius, jina lake Faustina, aliolewa mwaka 145. Juu ya feza zake twamwona Fecunditas amemshika mtoto mchanga, na wengine wako kando yake. Mwaka 161 alizaa mapacha, wanaume wawili. Ikatolewa feza yenye watoto wawili wameketi kitini, pamoja na maneno ya kutangaza heri ya nyakati zile. Vigelegele vya kifalme!

Lakini Faustina alizaa watoto zaidi ya 10, na wengi wao walikufa wangali wadogo. Pacha mmoja, Antoninus, alikufa mwenye miaka 4. Katika wavulana wote, Commodus peke yake alibaki hai baba yao alipofariki mwaka 180. Twajiuliza mama yule aliitazama zahabu ile kwa moyo gani. Hata kwetu mke husifiwa akizaa. Akizika, minong'ono huanza.

Naye Faustina alinong'onewa sana. Waandishi wa nyuma walimsingizia uzinzi, ingawa Pudicitia pia aligongwa juu ya feza zake. Marcus mwenyewe, katika kitabu alichojiandikia, alishukuru kwa kupewa mke mtiifu na mwenye upendo. Sisi twamsadiki mume kuliko wasengenyaji.

Feza za mapacha zimehifadhiwa hata leo. Watoto wote wawili wangali wameketi kitini, wala hakuna awezaye kutuambia yupi ni Antoninus.