Mjusi wa Kwetu

Nilifika Berlin mwishoni mwa Septemba, masomo yakiwa bado wiki mbili. Dada mmoja wa Kitanzania aliyenipokea alinipa godoro, ufunguo na onyo: "Usikae ndani, utalia. Toka utembee, uuzoee mji kabla baridi haijaja." Nikamtii.

Siku ya kwanza nilikwenda Lango la Brandenburg, nikapiga picha kama kila mtu. Siku ya pili nikaukodolea macho mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, mita 368, mpaka shingo ikauma. Nikajifunza mambo madogo madogo. Stesheni za treni hazina geti, unaingia tu, lakini tiketi yako usipoigonga muhuri kwenye kimashine, siku mkaguzi akitokea utajua hujui. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu unasimama, hata kama barabara ni tupu. Na kila kitu dukani nilikigeuza shilingi kichwani, kisha nikakirudisha mahali pake.

Jioni nilituma picha kwenye kundi la familia. "Umetoboa!" wakaandika. Hakuna aliyejua kwamba kwa siku mbili sikuwa nimeongea na mtu nje ya nyumba ile, zaidi ya kusema asante. Mji ulikuwa mzuri, ila haukuwa na habari na mimi. Nilipita ndani yake kama mtu aliyeingia kwenye harusi asiyoalikwa.

Siku ya tatu bibi akapiga simu kutoka Lindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeshakwenda kumwona mjusi?"

Sisi wa Lindi tunakua na habari ya mjusi wa Tendaguru. Shuleni unaambiwa Wajerumani walimchukua. Kila baada ya muda mbunge wa Kusini anasimama bungeni kuuliza tunanufaika naye vipi. Lakini kwa bibi jambo hili ni la nyumbani. Babu yake, akiwa kijana, alikuwa mmoja wa wapagazi walioteremsha mifupa ile hadi bandarini. Kwetu tulimwita Babu Mpagazi, basi.

Kesho yake nikapanda treni hadi Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kitambulisho cha mwanafunzi sikuwa nacho bado, kwa hiyo nikalipa kiingilio cha mtu mzima. Iliniuma, sitaficha. Nauli, kiingilio, foleni, yote hayo nimwone wa kwetu!

Halafu nikaingia ukumbini, maneno yakaniisha.

Ana kimo cha mita 13.27. Nilisimama karibu na mguu wake wa mbele, nikaona kwamba mfupa mmoja tu wa mguu unanizidi urefu. Alikuwa mla majani, aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Si mifupa ya mnyama mmoja. Wameunganisha ya kadhaa, na pale palipopungua wakajaza. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai, na hilo "brancai" ni la Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo.

Uchimbaji ulianza mwaka 1909 ukaendelea hadi 1913. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi Kusini. Watu wa nchi hiyo iliyochoka ndio waliochimba. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa.

Nikampigia bibi simu ya video. Nikaielekeza kamera miguuni, nikaipandisha polepole: mbavu, mabega, shingo, shingo, bado shingo, kichwa. Bibi kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Bibi, unaona?"

"Naona." Akanyamaza tena. "Miguu yote hiyo mirefu, na bado wakambeba."

Nilicheka kwa sauti hadi mtoto mmoja akageuka kunitazama. Bibi naye akacheka, lakini kicheko chake hakikudumu. Akaniambia babu yake hakuwahi kujua alichobeba. Aliambiwa ni mawe. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza Mzungu alitaka mawe ya nini, na kwa nini mawe yale yalifungwa vizuri hivyo kuliko mgonjwa.

"Alikuwa nani jina lake, bibi? La kweli?"

Akanitajia, jina lake, la baba yake na la babu yake. Nina miaka 26 na sikuwa nimewahi kulisikia. Nikaliandika nyuma ya tiketi ya kiingilio, nimeegemea ukuta, huku watu wakipita na vifaa vyao vya kusikilizia maelezo masikioni.

Wengi huuliza kama mjusi arudi. Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Siku ile, nikiwa chini ya mbavu zile, jambo lililonisumbua lilikuwa letu wenyewe: jina la mkurugenzi limo ndani ya jina la mnyama, na jina la mpagazi hata sisi wajukuu tulikuwa tumelipoteza. Hilo halikuchukuliwa na meli. Halikuulizwa tu.

Nilitoka jioni. Taa ilikuwa nyekundu, barabara tupu, nikasimama na wenzangu. Bibi kizee mmoja pembeni yangu akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mgeni hapa.

"Ndiyo," nikamjibu. "Lakini nina jamaa aliyetangulia."