Sushi, Barafu na Meza ya Mkunya

Ninapenda sushi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona. Miongoni mwa wanafunzi wangu wapo wanaoamini kwamba mzaliwa wa Mkunya, kule Newala katika uwanda wa Makonde, akionekana Masaki anakula samaki mbichi kwa vijiti, basi amekwisha kuwasahau waliomlea kwa ugali wa muhogo na ming'oko. Hoja yao si ya kupuuzwa, maana katika kila jamii chakula ni alama ya tabaka. Hata hivyo, naona imeshika gome ikaacha kiini. Mimi ningependa tuulize kwa nini samaki anayefaa kuliwa namna hiyo anafika Masaki na hafiki Mkunya, ilhali bahari ya Mtwara iko jirani nasi kuliko ilivyo Dar es Salaam.

Tuanze na historia, kwa sababu sushi haikuzaliwa katika anasa. Wakulima wa mpunga wa Asia walikuwa na tatizo ambalo kila mvuvi analijua: samaki huharibika haraka kuliko anavyoliwa. Wakamtia chumvi, wakampanga ndani ya wali uliopikwa, wakamwacha achachuke kwa miezi mingi. Wali ulikuwa chombo cha kuhifadhia tu, na mara nyingi ulitupwa. Kando ya Ziwa Biwa nchini Japani, chakula kiitwacho funazushi hutengenezwa kwa njia hiyo hadi leo. Ni katika karne ya 19, katika jiji la Edo, ambalo sasa ni Tokyo, ndipo wauzaji wa vibandani walipoanza kufinyanga tonge la wali wenye siki na kuliwekea kipande cha samaki juu yake. Jina la Hanaya Yohei ndilo linalotajwa zaidi katika habari hiyo. Wateja walikuwa mafundi, vibarua na wapita njia wenye haraka. Kwa kuwa hawakuwa na barafu, samaki alikolezwa chumvi au siki, au alilowekwa katika mchuzi wa soya, ili asiharibike kabla ya jioni. Mwaka 1958, mjini Osaka, Yoshiaki Shiraishi alifungua mgahawa ambamo sahani zilipita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka. Alipunguza gharama ya wahudumu, na sushi ikawa tena chakula ambacho mfanyakazi wa kawaida angeweza kukimudu.

Mtu aliyekulia Mkunya akiisoma historia hiyo hujiona ndani yake. Samaki wa Mikindani na Msimbati alipanda kwetu akiwa ng'onda, au amekaangwa mpaka akakauka, akiwa ndani ya tenga la mchuuzi juu ya paa la basi. Chumvi, jua na mafuta vilifanya kazi ambayo barafu ingeifanya kama ingekuwapo. Ng'onda na sushi ni ndugu waliozaliwa na dhiki moja. Tofauti ni kwamba ndugu mmoja baadaye alipata majokofu, barabara na soko linaloaminika, na mwingine akabaki na chumvi yake.

Bibi yangu, aliyekuwa akimjua samaki kwa pua kabla ya kumwona kwa macho, aliniuliza swali moja nilipomsimulia habari za chakula hiki: "Mjukuu wangu, huyo samaki amelala wapi?" Sijapata kusikia kanuni bora zaidi ya kuchagua mgahawa. Ninapoingia mahali papya Msasani au Oysterbay, mapambo ya ukutani hayanihangaishi. Namuuliza mpishi ni samaki gani walioingia leo na walitoka wapi. Akijibu kwa jina la samaki na jina la mwalo, nakaa. Akijibu kwamba wote ni wazuri, naagiza sushi ya parachichi na tango, nalipa, naondoka. Orodha fupi inayobadilika kila siku hunipa imani kuliko orodha ndefu isiyobadilika mwaka mzima. Wali nao ni shahidi: ukiwa baridi na mgumu, umetoka jokofuni, ukiwa na joto la mwili na punje zake zikishikana bila kuwa bumbwi, basi jikoni kuna mtu anayejali. Na samaki mzuri hana shombo. Ananukia bahari kwa mbali.

Swali la bibi lina msingi wa kisayansi. Jodari, samaki anayependwa mno katika sushi, akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huzalisha mwilini mwake kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo haiondolewi na moto. Utamchemsha, utamkaanga, na bado atakuletea vipele, maumivu ya kichwa na kutapika. Minyoo iliyomo katika baadhi ya samaki huuawa kwa kugandishwa. Kanuni inayotumika sana ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Meli kubwa zinazovua jodari kwa ajili ya soko la Japani humgandisha hadi kufikia nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa hiyo mlaji wa sushi na mlaji wa mchuzi wa jodari wana haja ile ile ya barafu. Mmoja anailipia bei inayotosha kununua kilo kadhaa za mchele, mwenzake anabahatisha.

Wajapani wanalijua hilo vizuri. Soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na soko jipya la Malindi, Unguja, nalo limetokana na msaada wao. Kwao, soko lenye sakafu inayosafishika, maji na barafu ni miundombinu, sawa na daraja. Sisi tumezoea kumhesabu samaki katika takwimu za mapato, na kumwachia mchuuzi mwenye tenga jukumu la kumhifadhi.

Wasomaji wa rika langu wanawakumbuka "samaki wa Magufuli". Machi 2009, meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa kwa tuhuma za kuvua bila leseni katika ukanda wetu wa kiuchumi wa bahari, unaofika maili 200 kutoka pwani. Ilikuwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. John Magufuli alikuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi, na samaki wale waligawiwa bure kwa taasisi mbalimbali nchini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo. Wanasheria watajadili ushahidi. Mimi nilivutiwa na jambo jingine: kwa mara ya kwanza Watanzania wengi walimwona jodari wa bahari kuu yao wenyewe, na walimwona kwa sababu meli ya wageni ilikuwa imemvua na kumgandisha. Uwezo wa kumvua na kumhifadhi kwa kiasi kile hatukuwa nao. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Ni hatua ya kupongezwa, lakini bandari hiyo isipime mafanikio yake kwa tani zinazopakiwa kwenda nje peke yake.

Narudi uwandani. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako. Maji unayaona, ndoo haiyapati. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwanda wa Makonde wameteremka mabondeni na kupanda na maji kichwani, na historia ya mradi wa maji wa Makonde, wenye chanzo chake Mitema, ni historia ya kusubiri. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba kuzungumzia samaki wabichi mahali pasipo na maji ya kutosha ni dhihaka. Nilimjibu kwamba barafu ni maji yaliyopata umeme. Barabara ya kilomita 210 kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, ambayo lami yake imekuja kipande kwa kipande, ni sehemu ya jambo hilo hilo. Kijiji ambacho samaki hawezi kukifikia akiwa mzima wa nyama, chanjo nayo hukifikia kwa mashaka, na maziwa vilevile.

Vitu vyetu vingine havikupata taabu ya kusafiri. Korosho zetu zimekuwa zikivuka bahari kwenda India zikiwa bado na maganda. Vinyago vyetu vimefika hadi Ise, nchini Japani, ambako mpenzi mmoja wa sanaa alivijengea jumba zima la makumbusho. Mpingo hauhitaji barafu. Yaliyo rahisi kubeba yametoka kwenda kwa wenye nguvu ya kuyanunua. Yaliyo magumu kubeba hayakupanda kuja kwetu, kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuyapandisha.

Ndugu zangu mlioko halmashauri na wizarani, siombi mgahawa wa Kijapani Mkunya. Naomba mambo yanayoweza kuandikwa katika bajeti: mtambo wa barafu kwenye mialo ya Mtwara, chumba cha baridi katika soko la Newala, masanduku ya barafu ambayo mchuuzi anaweza kuyakopa, na ofisa wa uvuvi mwenye kipimajoto mkononi badala ya kitabu cha ushuru peke yake. Nanyi wanafunzi wangu, endeleeni kunisuta kwa vijiti vyangu, lakini mkimaliza ifungueni bajeti ya wilaya zenu, mtafute neno barafu, na mkilikosa, mwandike kuuliza kwa nini.